Korongo Lilipojaa

Masika ya mwaka 1979, kijiji kimoja cha Mbulumbulu kiliandaa sherehe ya kuwashukuru vijana wake wa machela. Barabara ilipokatika kwa matope, wao ndio waliobeba wagonjwa begani hadi hospitali, Karatu. Aliyewaanzisha alikuwa Mzee Patrisi, balozi wa nyumba kumi. Aliyewaongoza alikuwa Lukresia, binti mwenye sauti ya kuamrisha na miguu isiyoogopa utelezi.

Katibu kata alikuja kwa miguu, maana petroli haikupatikana. Alikuwa bado anahutubia, Mzee Patrisi alipojikunja, akashika kinena, akaanguka.

"Ngiri," alisema kwa shida. "Imenibana tangu juzi. Sikutaka kuwaharibia sherehe."

Walimlaza kwenye machela, wakaondoka mbio. Katibu kata akawafuata, viatu mkononi.

Korongo walilisikia kabla ya kuliona. Maji mekundu yalikuwa yakiviringisha mawe na magogo. Piusi, mwenye nguvu kuliko wenzake, alijifunga kamba kiunoni akaingia. Hakufika mbali, maji yakamzoa. Walimvuta, akatoka akitapika matope.

"Tujaribu kule juu," Lukresia alisema.

"Hakuna atakayeingia tena," Mzee Patrisi alisema.

"Mzee, tukuache hivi hivi?"

"Mimi ndiye balozi wenu. Nimeshasema."

Lukresia alimgeukia Katibu kata. "Ndugu Katibu, fanya jambo. Wewe ndiye serikali!"

Katibu kata aliyatazama maji. "Daraja tuliliomba," alisema. "Tukaliomba tena." Alivua koti lake, akamfunika mzee.

Lukresia aliketi topeni akampakata kichwa. Tumbo la mzee lilikuwa gumu kama ubao. Alilia kwa maumivu, baadaye akawa anamwita mama yake kwa Kiiraqw, hatimaye hakuita mtu. Lukresia alimpangusa jasho tu. Hakuwa na lingine la kufanya.

Walikesha pale. Alfajiri Mzee Patrisi alikata roho, korongo likiwa bado limejaa.

Walimrudisha kwake. Mkewe, Germana, ambaye mguu mbovu ulikuwa umembakiza nyumbani, alisikia vishindo vyao akatoka akijikongoja.

"Mbona mmerudi upesi hivi, wanangu? Wamekataa kumpokea?"

Vijana walisimama uani, machela begani, wakitazamana nani aanze kuishusha.