Balbu ya Clem

Saa moja kamili ya kila asubuhi, taa ya marehemu Clem Pascoe ilijiwasha yenyewe. Hapakuwa na muujiza: Clem mwenyewe ndiye aliyeiunga kwenye swichi ya saa, mwezi mmoja kabla mapafu yake, yaliyokula vumbi la mgodi miaka thelathini, hayajagoma kabisa. Lakini mjane wake Noreen, akiwa jikoni na chai yake, kila akisikia swichi ile ikilia ta! alijikuta akisema, "Umeamka?" Kisha alijiona mjinga, akaendelea kupaka mkate siagi.

Chini ya taa hiyo, ndani ya kasha la kioo lililowekwa dirishani sebuleni, aliishi Pearl, mjusi mwenye ndevu, yaani miiba laini kidevuni, wa rangi ya mchanga. Pale Broken Hill, mji wa migodi pembeni mwa jangwa, watu hufuga mijusi hawa kama wengine wanavyofuga paka, na kibali wanakata. Clem alimlea tangu akienea kwenye kijiko. Alimpenda kuliko alivyowapenda binadamu wengi, na Noreen hakuwa na ubishi juu ya hilo.

Kulikuwa na jambo ambalo Noreen hakumwambia mtu. Tangu baridi ya Juni, kila saa kumi alasiri, saa ambayo Clem alizoea kuketi kwenye kiti chake cha ngozi mbele ya kasha, Pearl aligeuka, akakitazama kiti kitupu, akainua mkono wa kulia. Vidole vilichezacheza hewani. Mijusi hawa huinua mkono na kuuzungusha polepole kumsalimu aliye mkubwa kwao. Clem ndiye aliyemfundisha Noreen hilo. Mara ya kwanza mwili ulimsisimka. Mara ya pili alivuta kigoda, akakaa kando, mbali kidogo na kile kiti, akasubiri. Ilipofika Agosti hata simu alikuwa hapokei saa kumi. Alimpenda mumewe, na hakuona aibu kumpokea kwa njia yoyote ambayo angekuja nayo.

Kisha Pearl akaacha kula nyenje. Taya likavimba, miguu ya nyuma ikawa inaburuzwa. Noreen alimfunga kwenye taulo akampeleka kwa daktari wa wanyama, msichana aitwaye Quyen, aliyezaliwa mtaa wa pili tu kutoka kwake.

Quyen aliligusa taya kwa kidole, nalo likabonyea kama mpira. Akapiga picha ya eksirei, akaibandika ukutani penye mwanga. Noreen alitafuta mifupa ya Pearl asiione. Palikuwa na umbo la mjusi, na ndani yake ukungu.

"Anatetemeka?" Quyen aliuliza. "Mikono? Vidole?"

Noreen alitikisa kichwa. "Anasalimia tu."

"Wakati wote?"

"Saa kumi. Anamsalimia Clem."

Quyen hakucheka. Alieleza polepole kwamba kalsiamu ikipungua, mwili huichota kwenye mifupa, na ikizidi kupungua, misuli huanza kuruka yenyewe. "Ile si salamu, Noreen. Ni ugonjwa."

"Na akipona?"

"Ataacha."

Akataka kujua balbu ilibadilishwa lini. Noreen aliudhika kidogo. Balbu inawaka vizuri, alisema, na juu ya hayo Pearl anaota jua la dirishani kutwa nzima. Quyen akamwambia kwamba kioo hupitisha joto na kuuzuia ule mwanga usioonekana, ambao ndio unaojenga mifupa. Na balbu nazo zina mambo yao.

"Hizi hufa kabla hazijazimika. Unaona zinawaka, lakini kile kilichokuwa kinamlisha hakimo tena. Pearl amekaa miezi chini ya taa iliyokufa."

Alimpa balbu mpya, dawa ya kalsiamu na bomba la kumnyweshea, akamsisitizia aanze leo hii, siyo kesho. Noreen aliitikia yote. Alipofika nyumbani aliuweka mfuko kwenye meza ya jikoni, asiufungue.

Mwite mwenye roho mbaya ukitaka. Wewe hukuishi ndani ya nyumba ile. Balbu ile ndiyo kitu cha mwisho Clem alichokifunga kwa mikono yake. Na ilipofika saa kumi, mkono ukainuka. Siku ya pili ukainuka tena. Noreen alikaa kwenye kigoda chake, akijua anachokifanya.

Siku ya tatu Pearl aliuinua mkono juu kuliko siku zote, akaegemea ule wa kushoto. Palilia kitu, kidogo, kama njiti ya kiberiti inayovunjwa. Mkono wa kushoto ulikunjika pasipo na kiungo. Mijusi hawalii. Alilala kifudifudi, na mkono wa kulia bado ukabaki hewani, vidole vikicheza, macho kwenye kiti.

"Basi, Clem," Noreen alisema. "Imetosha."

Alizima taa, akaishika balbu kwa kitambaa cha vyombo, akaizungusha mpaka ikatoka. Kwenye kitako chake, mahali palipofichwa na kifuniko cha taa, palikuwa na maandishi ya kalamu. Miaka kumi na moja Clem aliandika kitu kimoja tu kwenye kila balbu: mwezi wa kuitoa. Safari hii aliongeza jina. NOREEN, MWISHO MACHI.

Kumbe alijua si yeye atakayeitoa. Noreen alikaa kwenye kiti cha ngozi kwa mara ya kwanza, akalia kwa sauti. Kisha akaifunga balbu mpya, akanywesha dawa, akampeleka Pearl kwa Quyen, mkono ukafungwe gango.

Tangu siku hiyo alikitumia kiti kile, kwa sababu ndicho kilichokuwa usawa wa kasha. Asubuhi na jioni alinywesha, alinyunyizia nyenje unga wa kalsiamu, alimlisha boga lililopondwa. Wiki ya tatu vidole vilitulia. Saa kumi ikafika, ikapita, mkono haukuinuka. Noreen aliitazama saa ya ukutani na kujiona mjane upya.

Oktoba, joto liliporudi, Quyen alisema mifupa imeshika; sasa apate jua lenyewe, lisilo na kioo. Noreen alimbeba mpaka uani, akamweka juu ya sanduku lililopinduliwa, akaketi mbele yake, akiipa nyumba mgongo. Mbwa wa jirani, ambaye hubweka hata nzi akipita, alikuwa akibweka. Ghafla alinyamaza.

Pearl aliinua kichwa. Hakumtazama Noreen, alitazama juu ya bega lake, upande wa mlango wa nyuma. Akainua mkono wa kulia. Vidole havikutetemeka hata kimoja. Mkono ulizunguka polepole, duara zima, ukashuka.

Noreen alihisi jua likipungua shingoni, kama mtu amesimama nyuma yake. Hakugeuka.

"Mwambie nimebadilisha," alimwambia Pearl. "Mwambie nilichelewa, lakini nimebadilisha."