Majina ya Vitufe

Domisiana Ntakirutimana alirudi Kanazi kumuuguza mama yake, na mama alipofariki hakuondoka. Kazi yake haikujali yuko wapi. Ilitaka umeme, bando na subira, na vyote hivyo alikuwa navyo katika nyumba ile ya vyumba vitatu katikati ya migomba. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Zilipita siku, hasa msimu wa mvua, ambapo hakutoa sauti yoyote isipokuwa kuitikia salamu ya jirani yake Speciosa akipita kwenda kupalilia maharage.

Kampuni iliyomwajiri ilikuwa Mwanza. Ilitengeneza tovuti ya vituo vya afya, ambako mgonjwa anachagua siku ya kliniki, anaiahirisha, au anasoma majibu ya vipimo. Domisiana hakutengeneza kurasa hizo, alizijaribu. Aliandika programu fupi fupi zinazofungua kivinjari cha intaneti zenyewe, zinatafuta kitufe, zinakibonyeza, kisha zinaangalia kama kilichotakiwa kimetokea. Kila asubuhi aliwasha majaribio yote mia mbili na kumi na mawili, akanywa chai huku akiyatazama yakikimbia.

Ugumu wa kazi hiyo uko kwenye kutafuta. Mtu akiangalia ukurasa, kitufe anakiona. Programu haioni, lazima iambiwe kiko wapi. Unaweza kuiambia ihesabu: boksi la pili, mstari wa tatu, kitufe cha kwanza. Lakini mtu akiongeza mstari mmoja juu, hesabu yote imeharibika. Njia ya kuaminika ni kukitafuta kitufe kwa jina lililoandikwa ndani ya ukurasa, pale ambapo msomaji wa kawaida hapaoni. Mradi tu aliyekitengeneza awe alikumbuka kukipa jina.

Ferdinand Ndassa alikumbuka kila mara. Ndiye aliyetengeneza kurasa, na hawakuwahi kuonana. Kwenye kikao cha mtandaoni cha kila Jumatatu wote walizima kamera. Lakini Domisiana alipofungua ukurasa wowote wa Ferdinand alikuta kila kitu kina jina lililonyooka: “Ahirisha siku ya kliniki.” “Rudi kwenye orodha ya watoto.” Mara moja tu Ferdinand aliandika kwenye kundi la timu, bila kumtaja mtu: “Kile kitufe cha picha kilikuwa hakina jina. Nimeweka.” Domisiana akajibu, “Asante sana kaka.” Ujumbe huo hakuufuta. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini aliamini kwamba huko Mwanza kuna mtu anayemfikiria anapofanya kazi, anayemwandalia njia ili asihangaike.

Asubuhi moja ya Jumanne, majaribio mia moja na tisini yalifeli.

Alidhani ni mtandao. Akawasha tena, yakafeli tena. Akafungua ukurasa kwa mkono wake na kuukuta mzima, tena umependeza kuliko jana. Maneno yalikuwa yameondolewa kwenye vitufe na kuwekwa picha: kalenda, penseli, pipa la taka. Alipoangalia ndani ya ukurasa, majina yote yalikuwa yameondoka.

Akamwandikia Ferdinand. Kimya. Akampigia Bonaventura, kiongozi wa timu.

“Ferdinand hatuko naye tangu mwezi uliopita,” Bonaventura alisema. “Hukuambiwa?”

“Sikuambiwa.”

“Basi samahani. Muonekano mpya umefanywa na watu wengine. Wewe hesabu nafasi tu, dada, majaribio yapite. Wateja wanasubiri.”

Domisiana alihesabu nafasi kwa siku tisa. Siku ya kumi mtu aliongeza tangazo juu ya ukurasa, vitufe vikasogea, na jaribio la kuthibitisha siku ya kliniki likawa linabonyeza pipa la taka na kufuta. Mgonjwa alikuwa wa kubuni, hakuna aliyeumia. Lakini Domisiana alikaa mbele ya kioo bila kugusa kitu, na alichowaza si kosa lile. Aliwaza kwamba mwezi mzima Ferdinand hakuwepo, na yeye aliendelea kunywa chai yake kila asubuhi kana kwamba yupo.

Alimtumia ujumbe mwingine kwenye simu. Baada ya siku nne likaja jibu la sauti.

“Dada Domisiana, habari za huko. Nimepata ujumbe wako. Siku hizi siandiki, nasema tu. Niko nyumbani Biharamulo, kwa mama. Ukipata nafasi, karibu.”

Ilikuwa sauti ya taratibu, yenye mkwaruzo kidogo. Aliisikiliza mara kadhaa. Jumamosi alfajiri alipanda bodaboda mpaka Ngara mjini, akapata gari, akapita Benaco malori yakiwa yamepanga foleni, akabadilisha gari Lusahunga. Njia nzima alijiambia anakwenda kuuliza mambo ya kazi.

Nyumba aliyoelekezwa ilikuwa nyuma ya soko. Mama mmoja mrefu alikuwa anaanika mihogo uani.

“Shikamoo mama. Namtafuta Ferdinand. Nilikuwa nafanya naye kazi.”

“Marahaba.” Mama Kwandu, mama yake Ferdinand, alimtazama kwanza, ndipo akajifuta mikono. “Wewe ni wa kwanza kuja. Ingia, mwanangu.”

Ferdinand alikuwa amekaa mezani, kompyuta imefunguliwa mbele yake na kioo chake ni cheusi. Spika ndogo ilikuwa inasema maneno kwa kasi. Aliposikia hatua akainyamazisha na kugeuka, lakini uso wake uliangalia kando kidogo ya pale aliposimama mgeni.

“Ni Domisiana,” alisema yeye.

“Karibu. Kiti kiko upande wako wa kulia, kama mama hajakihamisha.”

Alikaa. Akaweka begi miguuni.

“Macho yalianza mwaka juzi,” Ferdinand alisema, kama mtu anayemsaidia mwenzake kuanza. “Katikati kukawa na giza, pembeni naona kidogo. Nilificha kazini karibu miaka miwili, mpaka wakajua. Nilikuwa nazisikiliza kurasa kwa programu hii, inasoma kila kitu kwa sauti. Ila haiwezi kusoma kitu kisicho na jina. Ndiyo maana nilikuwa navipa vitufe majina. Bila hivyo nisingejua nimetengeneza nini.”

Domisiana alishusha macho kwenye mikono yake.

“Nilidhani ulikuwa unaniwekea mimi,” alisema.

“Wewe?”

“Majaribio yangu yanatafuta kwa majina. Nilidhani ulijua.”

“Hapana,” Ferdinand alisema. “Sikujua kama kuna mtu anayasoma. Nilidhani niko peke yangu mle ndani.”

Hakukuwa na ubaya katika jibu hilo, lakini lilimchoma. Miaka miwili ya kuamini kitu, na kitu chenyewe hakikuwepo. Angeweza kuaga. Badala yake alitoa kompyuta yake kwenye begi, akafungua ukurasa mpya, na Ferdinand akamwelekeza jinsi ya kuwasha sauti.

“Kitufe,” spika ilisema. “Kitufe. Kitufe. Kitufe.”

Ilisema hivyo mara arobaini na moja. Mama Kwandu alisimama mlangoni na ungo wake, akauliza mashine imeharibika nini. Ferdinand alikuwa ameinamisha kichwa, kiganja kimoja juu ya meza.

“Andika,” alisema. “Cha kwanza kina picha gani?”

“Kalenda yenye alama ya vema.”

“Thibitisha siku ya kliniki. Cha pili?”

Walifanya hivyo mpaka saa nane na nusu, yeye akieleza picha, Ferdinand akitaja jina. Mama Kwandu aliwaletea ugali na maziwa mgando, wakala huku wakibishana kama ni “futa” au “ondoa”. Alipofunga begi, Ferdinand aliuliza, “Huko Kanazi unaishi na nani?”

“Peke yangu.”

“Mh,” alisema. Domisiana alisubiri kidogo, kisha akaaga ili awahi gari.

Jumatatu alimtumia Bonaventura orodha ile pamoja na sauti aliyorekodi: kitufe, kitufe, kitufe. Aliandika kwamba mgonjwa asiyeona akiingia kwenye tovuti yao hataweza kuthibitisha wala kufuta, kwa sababu hatajua kipi ni kipi. Wiki nzima hakujibiwa. Kisha asubuhi moja majaribio yote, aliyoyarudisha kutafuta kwa majina, yalipita. Kwenye kikao Bonaventura alisema timu imeamua kurudisha majina, akashukuru kila mmoja kwa ushirikiano.

Domisiana aliwasha kamera. Hakuwa amepanga.

“Majina hayo ni ya Ferdinand,” alisema. “Yote arobaini na moja ameyataja yeye. Kazi hiyo anaiweza hata leo.”

“Tumekusikia, dada,” Bonaventura alisema. “Tutaliangalia.” Wakaendelea na ajenda iliyofuata. Hawakuliangalia.

Ferdinand alipata nafasi ya mafunzo ya watu wasioona, Tabora, miezi sita. Mwanzoni alituma sauti kila jioni: anajifunza kutembea kwa fimbo, anajifunza kusoma nukta nundu kwa vidole, chakula hakina chumvi. Baadaye kila wiki. Baadaye alipata marafiki, na hilo Domisiana alilifurahia kwa dhati, ingawa baada ya kulisikia alikaa kibarazani muda mrefu.

Jumapili moja mwezi wa saba alianza kumwandikia, akakumbuka kwamba maneno yake yatasomwa na sauti ya mashine. Akafuta. Akabonyeza kinasa sauti, na kwa kuwa hakuwa na habari yoyote, alimweleza kwamba mvua imekata, Speciosa amemaliza kupura maharage na amemletea debe moja, na yeye mwenyewe Domisiana ameyachemsha kwa ndizi. Sauti yake ilikwama mwanzoni, ikaja kukaa sawa. Ulikuwa ujumbe wa dakika nne. Simu ilionyesha umefika. Jioni alipoingiza kuku wake bandani, ulikuwa bado haujasikilizwa.