Soksi ya Kanisa na Furshi ya Mumbere

Mapacha wawili: wanachuchumaa pamoja, wanasimama pamoja, na hawajawahi kwenda chooni. Ni nani? Umeshindwa? Ni furshi ya moto, ya pikipiki, ile miguu miwili ya mbele inayoshika gurudumu. Pacha mmoja akiwa mugonjwa, ukikutana na shimo kwenye njia ya kwenda Fataki, moto inabaki nyuma na weye unatangulia na meno.

Mujukuu wangu Solange alikuwa na haja kubwa na meno yake. Jumamosi ilikuwa ndoa yake, na alitaka kucheka kwenye foto. Lakini alikuwa na haja na moto pia, maana anapeleka chanjo vijijini, na furshi yake ya zamani ilikuwa imepinda kama ndizi. Basi Mumbere, muuzaji wa vyuma vya zamani kule mutaa wa Saio, akatuletea kwetu Bigo furshi iliyotoka kwenye moto ya mashindano. Rangi ya zahabu!

"Lala nayo, uiangalie," alisema. "Lakini kesho nataka jibu. Yule Didier munayemujua naye iko anaitafuta ainunue."

Asubuhi akaja Ephraïm, fundi wetu. Akaitegemeza furshi kwenye kiti cha plastiki kama mugonjwa, akavaa miwani, akapitisha kidole pale chuma chembamba kinapoingia ndani ya chuma kinene. Kidole kikatoka na mafuta. Muguu wa pili: mafuta tena.

"Pole, Solange. Inalia, inavuja mafuta. Mipira ya kuzuia mafuta imekufa, yote miwili. Mafuta ikimwagikia breki, hausimami tena. Miye siifungi kwenye moto yako."

Solange akakaa chini. Mumbere, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, akashika kichwa. "Jana ilikuwa kavu kama biskuti!"

Hapo jirani yangu Kaswera, aliyekuja kuomba chumvi, akakohoa. Kaswera iko kwenye kikundi cha maombi, na hapiti mbele ya kitu kipya bila kukipaka mafuta ya upako. Amepaka frigo yetu. Amepaka antena.

"Ni miye," alisema. "Jana jioni niliipaka. Mutoto anaolewa, mutamuacha apande chuma bila upako?"

"Ulipaka wapi, mama?" Ephraïm aliuliza.

"Pote. Sikubania."

Mumbere akaruka juu. "Mumesikia? Haiko inalia! Ni upako! Ephraïm, weye unakataa upako?"

Ephraïm akanusa kidole. Kisha akakilamba. Siye wote tukamutazama mudomo.

"Kuna marashi," alisema. "Lakini nyuma yake kuna samaki aliyeoza: mafuta ya zamani ya furshi."

"Hiyo ni kidole chako!" Mumbere alisema.

Ephraïm akachukua kitambaa. Aliipangusa furshi mpaka ikakauka, akanigeukia miye bibi. "Koko, uko na soksi ya kanisa? Ile ndefu, nyembamba, ya wamama."

"Unaenda ibada?"

"Chuma inaweza kuwa na kameno kadogo sana. Jicho haikaoni, kidole haikasikii. Soksi inasikia."

Nikaleta ile ya Noeli. Akaizungusha kwenye muguu wa kwanza, akaivuta juu na chini. Ilipita bila neno. Miye nikiivaa, tunagombana kila mara! Akaenda kwenye muguu wa pili. Trrrr! Ikashikwa, ikapasuka mpaka kisigino.

"Hapa," Ephraïm alisema.

Ulikuwa mukwaruzo mwembamba kama kope, palepale chuma kinapoingia na kutoka.

"Kila ikichuchumaa, huu unakata mupira. Ukiweka mupira mupya, utakatwa pia. Solange, sukuma."

Solange akailalia na uzito wake wote. Furshi ikachuchumaa, ikasimama, ikachuchumaa. Muguu wa kwanza ukabaki mukavu. Wa pili ukavaa pete ya mafuta, nyeusi, na nyumba yote ikanuka soko la samaki.

"Upako umerudi," Mumbere alisema, lakini sauti yake ilikuwa imekonda.

"Weye!" Kaswera alifoka. "Upako wangu hauko mweusi!"

Solange aliitazama ile zahabu, aliipenda kabisa, ilionekana. Akapitisha ulimi kwenye meno yake ya mbele, moja moja.

"Papa Mumbere, irudishe."

Mumbere akamugeukia Kaswera, mikono imekutana kama ya kusali. "Mama, basi iombee ule muguu. Ipone tu mpaka Didier atakapolipa."

"Miye naombea wagonjwa wapone. Weye unataka niombee Didier awe kipofu!"

Solange alikuwa ameshatoa simu. "Allô, Didier? Ukienda kwa Mumbere, beba soksi ya mama yako. Hapana, sina wazimu. Beba tu."

Jumamosi Solange alifika kanisani amekaa nyuma ya moto ya kukodi, shela inapepea, anamukemea dereva kwa kila shimo. Kwenye foto kinywa kimefunguka mpaka unaona jino la mwisho. Miye niko pembeni, nimeficha muguu mumoja nyuma ya Kaswera.