Kikombe cha Upande wa Bahari

Zamani ziwa lile lilikuwa mkono wa bahari. Mafuriko yalipobeba nusu ya mji, likajengwa tuta lenye lango la chuma la kuziba mdomo wa mto, na chumvi ikachukua miaka mingi kuisha majini. Aliyefunga lango hilo mara ya kwanza alikuwa mama yake mlinzi wa lango wa sasa. Bibi huyo hakuchoka kusimulia jinsi mikunga wachanga, wale samaki warefu kama nyoka, walivyokuwa wakisukuma chuma, wakitaka kupanda mtoni. Binti yake alimpenda sana, ila aliamini mama anatia chumvi kidogo.

Leo ofisi ya maji imempa mlinzi saa moja ya majaribio ya kuwapitisha mikunga: lango liinuliwe shubiri moja. Chumvi ikionekana ziwani, ambako mji mzima hupata maji ya kunywa, lifungwe na lisifunguliwe tena daima. Mtambo wa kupimia upo, lakini mlinzi huonja kwanza: kikombe cha bati kwa maji ya bahari, kata ya mbao kwa maji ya ziwa, na visichanganywe abadani.

Mlinzi akaonja maji ya bahari kwa kikombe, halafu akainua lango. Mama, ambaye macho yalikwisha kumtupa mkono, alikaa pembeni akisikiliza.

Kisha mikunga wakaja. Wembamba kama sindano, unawaona hadi uti wa mgongo, maelfu kwa maelfu. Mlinzi alibaki mdomo wazi. Vitu visivyofika urefu wa kidole, vimetoka vilindini kusikojulikana, na njia vinaijua!

Bila kuwaondolea macho, akachota upande wa ziwa, chombo kikagonga jiwe, akaonja. Chumvi. Mkono ukaenda kwenye kitufe cha kufungia, na roho ikamuuma.

"Subiri," mama akasema. "Umechotea nini?"

"Maji yameharibika, mama."

"Kilichogonga jiwe ni bati, mwanangu. Kata hailii hivyo."

Akatazama mkononi. Kikombe cha bahari, tena alikuwa hajakimwaga vizuri. Aliona haya. Akachukua kata, akachota, akaonja mara mbili. Maji matamu, kama ya kisimani.

Akakiacha kitufe. Akamteremsha mama hadi ngazi ya mwisho ya tuta, akamsaidia kuzamisha mkono majini. Mikunga wakapita katikati ya vidole vyake.

"Niliwafungia mlango miaka arobaini," bibi akasema, "na bado wanakuja."