Tarehe Thelathini Februari

Kitambulisho cha bibi kilisema amezaliwa tarehe thelathini Februari. Karani aliyekiandika alikuwa na njaa, bibi alikuwa na haraka, na kalenda haikuulizwa. Tangu hapo bibi alidai hazeeki, maana siku yake ya kuzaliwa haijawahi kufika.

Sasa jicho lake lililobaki lilikuwa linazima, na fomu ya mtandaoni ya upasuaji wa bure ilikuwa inafungwa saa kumi jioni. Zilibaki nafasi tatu. Fomu yenyewe aliitengeneza mjukuu wake, ambaye ofisini walimwita Nukta.

"Tarehe hii haipo," simu ikaandika kwa rangi nyekundu, Nukta akamsomea bibi.

"Nani kasema haipo?" akauliza bibi, ameketi kando ya meza ya Nukta, mkoba magotini.

"Mimi, bibi."

Ndiyo, yeye. Mwezi uliopita aliandika msimbo wa kukagua tarehe, mkali kuliko mbwa wa tajiri, na bosi akampigia makofi. Kudanganya tarehe nyingine hakukufaa. Fomu ililinganishwa na kitambulisho.

"Bwanangu, ndo umenifungia mlango niko nje?"

 Saa kumi ikikaribia Nukta akafuta mistari yote ya ukaguzi, akapandisha toleo jipya hewani, akainyakua simu ya bibi, akatuma.

"Nafasi zimejaa," Nukta akasoma jibu la simu kwa sauti.

 Akafungua orodha. Alisahau ukarimu wake mwenyewe: kila fomu iliyokataliwa aliipanga ijaribu tena yenyewe. Mwezi mzima zilikuwa zinabisha hodi. Alipofungua tu, tatu zikaingia kwa kishindo: 31 Juni. 31 Septemba. 30 Februari. Nyuma yao, foleni isiyo na mwisho.

Kidole chake kikaenda kwenye kitufe cha kufuta, amwondoe mmoja ili bibi apate nafasi.

"Nani hao walioniwahi?"

"Wazee, bibi. Wa tarehe zisizokuwepo."

"Huyo wa mwisho?"

"Mwanamke. Februari yenu hiyohiyo. Jicho moja."

Bibi akaguna, akacheka kidogo. "Kumbe yule karani hakunikosea peke yangu."

Mkono wake ukapapasa mezani, ukaukuta wa Nukta, ukauondoa kwenye kibodi na kuushikilia.

Saa kumi ikagonga. Fomu ikajifunga, ikatoa maneno aliyoyatunga Nukta mwenyewe: *Asante kwa kufika kwa wakati.*

"Imeandika nini?" akauliza bibi.

Nukta hakuweza kumsomea.