Chumba cha Pili

Shemeji yangu alikuwa kinyozi, na sisi wa nyumbani tulimwita Mkasi, kwa mikono yake na kwa mdomo wake pia. Hakuna aliyekaa kwenye kiti chake akaondoka bila kupunguzwa kitu. Na alikunywa. Alikunywa kama mtaro unavyopokea mvua, bila kuchagua, mpaka macho yakageuka manjano na daktari akamweka kitako. Ini limejaa makovu, akaambiwa, ila lililobaki linaweza kumbeba akiacha pombe kabisa. Kupunguza hakutoshi. Akirudia, asije kumlaumu mtu.

Akaacha. Nilimchokoza kwamba wenye baa wameshusha bendera nusu mlingoti. Akanijibu niende nikawafariji, maana sura yangu tayari ni ya msiba.

Mke wangu, dada yake, hakucheka. Yeye ndiye aliyembeba Mkasi mgongoni, angali mtoto, mama yao alipofariki, na alikuwa na mpango wake. Alifanya kazi kwenye maabara iliyochunguza majani ya kulinda ini. Kazi yake ilikuwa chumba cha kwanza: kuanika majani, kuyatwanga, kuyaloweka kwenye spiriti, kuyachuja kwa kitambaa. Maji ya kijani yaliyotoka aliyapitisha kwenye kidirisha kwenda chumba cha pili, walikokaa wenye makoti meupe, na kwake kazi iliishia hapo. Kutoka huko alisikia habari njema tu: panya waliopewa dawa kisha wakapewa sumu, maini yao yalisimama imara.

Basi akaomba majani, akanunua spiriti, akayaloweka chini ya meza ya jikoni vilevile alivyofundishwa. Akachuja. Akatia asali. Mkasi akawa anapewa asubuhi na jioni, na alipokunja uso dada yake akamwambia ikichoma kooni ajue inafanya kazi.

Mtu atauliza pua zetu zilikuwa wapi. Zilikuwepo. Ila mke wangu amerudi kazini akinukia spiriti tangu tuoane, kwetu hiyo ndiyo harufu ya mwenye nyumba. Mimi nilishaizoea hadi kuipenda.

Na mgonjwa alichangamka! Mikono ikaacha kutetemeka, utani ukarudi, akawa anaimba bafuni. Jioni alikaa mezani mapema kuisubiri dawa yake kama mtoto wa shule anayesubiri kengele. Dada mtu akinitazama, macho yake yalisema: umeona?

Kisha manjano yakarudi. Tumbo likaanza kujaa. Mke wangu akaongeza kipimo. Hali ikazidi, tukarudi kwa daktari, naye alipoona majibu ya vipimo akamwuliza Mkasi mbele yetu anakunywa wapi. Mkasi akaapa kwa kaburi la mama yao kwamba hajagusa pombe.

 Tulipofika nyumbani mke wangu akatoa begi la kaka yake nje, akamwambia aende kwa hao wanaomnywesha. Kuapa kwa mama ndiko kulikomuuma. Mkasi akahamia kwenye kibanda chake cha kunyolea, akalala kati ya vioo. Hata hivyo dada ni dada: dawa hakuikatiza. Aliijaza kwenye chupa, akanikabidhi, nikapeleka. Mkasi aliipokea kwa mikono miwili.

Alilazwa siku chache baadaye. Wiki hiyohiyo mmoja wa wale wa chumba cha pili akaugua, na mke wangu akaitwa kusaidia. Akakuta chupa ya duara ikizunguka ndani ya maji ya moto, maji yake ya kijani yakikauka kuwa ujiuji mweusi, na pembeni maji maangavu yakidondoka kwenye chupa nyingine. Akauliza ni nini.

"Spiriti, pombe kali tupu," akajibu dada wa koti jeupe. "Kazi yake ni kuvuta dawa kwenye jani tu, kisha tunaiondoa yote. Nani ampe mgonjwa wa ini spiriti? Hata panya tunawaonea huruma."

Akaja kunichukua bado amevaa aproni. Wodini alipiga magoti kando ya kitanda akamweleza kaka yake yote, bila kujitetea. Mkasi alimsikiliza, tumbo limeinuka chini ya shuka, uso umebaki mifupa.

"Dada," akasema, "na ulevi wangu wote ule, unadhani ulimi wangu ni mgeni?"

"Ulijua?"

"Tangu kijiko cha kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeacha kunipa." Akavuta pumzi. "Na sikuapa uongo. Pombe sikugusa. Nilikunywa dawa ya dada yangu."

Alitaka kucheka, tumbo likamkatalia. Nilidhani mke wangu angepata nafuu, kwamba mzigo sasa wameugawana. Lakini alisimama polepole, akanyoosha shuka upande mmoja, akamwuliza kama anataka maji. Hakutaka. Mkasi aligeuza macho kwangu mimi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kule nyumbani ile dawa imebaki hata kidogo.

Mke wangu alisikia. Alikaa kwenye kiti akampa mgongo, akakaa hivyo mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha.