Alama za Matanga

Siku ya kwanza ya shule, mshauri wa wanafunzi aliwagawia wote karatasi ya njano yenye siri za kufaulu mwaka wa kwanza. Lala vya kutosha. Kaa mbele. Uliza maswali. Na juu kabisa, kwa wino mzito: jifunze kukataa. Bibiane, mama wa miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Bukavu, aliyefagia maofisi ya Brussels mpaka magoti yakamchoka, aliibandika karatasi ile kwenye mlango wa friji akaiamini kuliko Zaburi. Shule yenyewe, ya watu wazima, karibu na uwanja wa Flagey, ilifundisha kazi ya kutunza wagonjwa na wazee. Akifaulu, kwaheri ufagio. Akianguka, atafagia hadi azikwe.

Akakataa, basi. Alikataa kwaya, akakataa kusuka watoto wa majirani pale mtaani kwake, Forest, akakataa harusi mbili. Watu wakamcheka, eti Maman Bibiane amekuwa daktari. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye aliinama kweli, daftari juu ya meza ya jikoni, vitunguu kando.

Mwezi wa sita, juma la mitihani, Papa Sylvestre akafariki. Alikuwa mume wa Maman Précieuse wa mtaa wa Laeken, na Maman Précieuse si mtu wa kupita njiani. Bibiane alipofika nchi hii na mfuko mmoja na mtoto mgongoni, ni yeye aliyempa kitanda chake, miezi saba, yeye na mumewe wakalala kwenye godoro sebuleni. Mtoto yule, Darlène, alijifunzia kutembea katika nyumba ile.

Matanga yalikuwa siku tatu. Wanawake wa kwao Kivu walikwenda, wakaketi kwenye mikeka, wakapika, wakaimba, wakanyamaza. Bibiane alituma ujumbe, akimwita dada mkubwa kama siku zote: "Pole sana, yaya. Niko na examen. Nitakuya kisha." Mimi simtetei. Angeweza kwenda jioni moja, hata kwa saa moja, tramu zipo. Lakini aliitazama karatasi ya njano, akafungua daftari. Moyo ulimchoma, akausukuma kando.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa mdomo. Mwalimu, mama mmoja mpole mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alimuuliza: mgonjwa uliyekuwa ukimtunza amefariki, utamfanyia nini mjane wake? Maneno yalimjia Bibiane yenyewe. Alisema huanzi na maneno. Unakwenda. Unaketi karibu naye, na kama yuko chini, nawe unaketi chini, na huangalii saa. Mjane hatakumbuka ulichosema, atakumbuka kwamba uliketi. Mwalimu aliacha kuandika, macho yamemlowa. Dix-huit sur vingt, kumi na nane kwa ishirini! Darasa zima hakuna aliyemfikia.

Alilia kwenye ngazi za shule kwa aibu, na wenzake wakamkumbatia wakidhani ni furaha.

Kwao, aliyefaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani, mtaa wote ujue. Jumamosi Bibiane alipika sombe, kisamvu cha kwao, na samaki, akapanga viti kumi na viwili, akaweka kopo la poda mezani. Alikuwa amewaalika wanawake wote wa Kivu. Saa nane ikapita, tisa ikapita, sombe ikapoa. Darlène alitaka kummwagia mama yake poda yeye mwenyewe. Bibiane akamwambia angoje kidogo.

Saa kumi kengele ikalia. Alikuwa Maman Précieuse, peke yake, kitambaa cheusi kichwani. Bibiane nusura apige magoti kwa furaha.

"Yaya! Ingia, ikala!" Akamvutia kiti.

Maman Précieuse hakukitazama. Alichukua kopo, akalifungua, akammwagia poda yote, taratibu, mpaka ikamshukia kwenye nyusi na mabega. Kisha akapiga kigelegele kimoja, kikavu.

"Félicitations, mudogo yangu. Bon. Miye nimekuya."

"Yaya, ikala hata kidogo. Kunywa maji."

"Ile siku tatu nilikuwekea nafasi pembeni yangu pa mukeka. Kila muntu mwenye alitaka kuikala pale, nilimukatalia. Nikasema, ni ya Bibiane." Alifunika kopo, akalirudisha mezani. "Donc, sitaikala."

Bibiane alizisikia hatua zake zikishuka ngazi, moja moja. Alitaka kumfuata, lakini poda ilikuwa imemjaa machoni.